Haki ya Kupanda Mti

Bi Maureen, katibu wa kamati ya bustani za halmashauri, alikuja kukagua ploti wanazokodi watu Jumamosi asubuhi, na viatu vyake vya mpira na mbwa wake mdogo. Alipofika pembeni kabisa, kwenye ukuta wa reli, akasimama mbele ya mitufaha mitatu ya Muhiddin akaitazama kwa muda. Matufaha yalikuwa yameiva, mekundu upande wa jua, na matawi yameinama. Mwanamke huyu hakuja kwa ubaya. Alikuja kumwokoa mtu, na maneno ya kumwokolea alikuwa nayo tayari mdomoni.

"Bwana Muhiddin," alimwambia kwa Kiingereza cha pole pole, kama Waingereza wanavyomsemesha mgeni hata akiwa amekaa nao robo karne, "miti hii uliikuta, siyo? Ilikuwapo kabla hujapewa ploti."

Sheria ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa kibanda cha zana tangu mwanzo: mwenye ploti hulima mboga na maua, hapandi mti. Lakini mti uliokutwa hauna wa kulaumiwa, na kamati huuacha. Neno moja tu lilitakiwa. Bi Pushpa, mjane wa ploti ya jirani, aliyekuwa ameinama kwenye maharage yake, alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Muhiddin alisikia swali jingine kabisa. Kwao Unguja, upande wa Dole, anayeuliza mti huu kaupanda nani huwa anauliza mti huu ni wa nani. Ardhi inaweza kuwa ya huyu na mkarafuu uliosimama juu yake ukawa wa yule, kadhi akawaita wazee waliomwona yule ameshika mche, na maneno yakaisha. Mwenye mti hang'olewi ovyo. Basi Muhiddin alijinyoosha, akapangusa mikono kwenye suruali, akajibu kama mtu aliyengoja miaka kuulizwa.

"Hapana. Nimeipanda mimi. Yote mitatu, kwa mkono wangu. Muulize huyu bibi hapa. Muulize na Kamande, aliniona na miche."

Bi Maureen alimtazama mbwa wake. Akajaribu tena: pengine mmoja ulikuwapo, huu mkubwa, pengine ulikuwa mdogo na yeye akautunza tu?

"Hakuna hata mmoja. Hapa palikuwa na matofali."

Na hilo lilikuwa kweli. Pembe ile ilikuwa jaa. Nyumba zilizopigwa mabomu wakati wa vita vya dunia zilifagiliwa zikasukumwa pale, na juu yake ukaota mchongoma, na ndani ya mchongoma watu wakatupa vitanda vyao vya chuma. Wenyeji wa Stratford, Wazungu wa mtaa ule, walikuwa wakipewa pembe hiyo wanaikataa. Akapewa Muhiddin, aliyekuwa kibarua wa karakana ya reli wakati huo, na waliompa walicheka kidogo. Aliipasua kwa sururu majira mawili ya baridi. Alichekecha udongo kwa waya wa kitanda. Sikudhani, mkewe, alikuwa akisukuma kigari cha mtoto kutoka zizi la farasi wa polisi, mbolea imepanda kwenye kigari na mtoto Warda anatembea kwa miguu kando yake, na watu barabarani wakiziba pua. Hakuna aliyekuja na sepetu kusema jirani nikusaidie. Udongo ulipolainika ndipo macho yakaanza kuwatoka watu, na orodha ya wanaongoja ploti ikawa na majina ya watu waliotaka ile ya pembeni, yenye jua.

Bi Maureen alisema basi, kwa kuwa amesema hivyo, itabidi kamati ikae.

"Ikae," Muhiddin alisema, na akamchumia tufaha la kupeleka nyumbani.

Mkaguzi alipoondoka, Bi Pushpa aliinuka na jembe lake dogo mkononi. Alizaliwa Mkunazini mjini Unguja, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alitoka na sanduku moja baada ya Mapinduzi, na Kiswahili chake kilibaki cha kwao.

"Muhiddin, wewe una nini leo? Mwanamke anakufungulia mlango, wewe unaupiga komeo kwa ndani."

"Nimesema kweli, Bi Pushpa."

"Nani aliyekuomba kweli? Ungesema umeikuta. Wazungu wanaujua uongo wa namna hiyo, ndio adabu yao."

Muhiddin akamweleza kwa subira kwamba yeye Bi Pushpa ni mtoto wa mjini, mambo ya mashamba hayajui. Mti ni ushahidi. Angesema ameikuta, angekuwa ameikana miti yake kwa mdomo wake mwenyewe, na kesho angekuja mtu yeyote kuivuna. Bi Pushpa alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kadhi wa Unguja hapandi basi kuja Stratford.

Kamande, mwenye ploti mwenzao, alifika mchana baada ya zamu yake, bado kavaa koti la dereva wa basi. Ni mtu wa Murang'a, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alipoambiwa kwamba ametajwa kuwa shahidi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Mzee, umeniweka mashakani bure. Nitaenda kusema nini? Kwamba nilikuona ukivunja sheria na sikusema kitu?"

"Utasema uliniona nikipanda."

"Sikia, mzee. Nyanya yangu alikuwa skwota, kibarua wa kukaa kwa shamba ya settler huko Nakuru. Aliruhusiwa kupanda mahindi na viazi. Siku moja akapanda mti wa matunda karibu na nyumba, mzungu akamwambia ang'oe. Unajua kwa nini? Mahindi inaisha. Mti haiishi. Mtu akiwa na mti anaanza kusema hapa ni kwetu." Alipangusa macho. "Leo ndio wewe umekuwa skwota, mzee. Karibu kwa chama."

Alisema kwa mzaha, na Kamande hakuwa mtu wa kutia sumu kwenye mzaha. Lakini Muhiddin hakucheka. Aliokota matufaha yaliyoanguka, akayatia kwenye mfuko, akaenda zake bila kuaga. Alikuwa hajawahi kuondoka bila kuaga.

*

Muhiddin na mkewe na binti yao walikaa kwenye fleti ya halmashauri juu kabisa, na lifti ilikuwa na harufu. Tangu karakana ilipofungwa na yeye kuambiwa asante, Muhiddin alikuwa akiamka kwa saa ile ile ya kazini, anavaa, anakwenda shambani. Hakuliita ploti wala bustani. Aliliita shamba, na aliposema "nakwenda shamba" sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mahali pa kwenda. Hicho ndicho kitu kilichokuwa kimebaki. Bila shamba, angebaki na dirisha la jikoni na mikono mikubwa isiyo na kazi, kama wanaume wengine wa jengo lile waliokuwa wakishuka chini kila asubuhi kununua gazeti ili wapate kumwambia mtu maneno mawili.

Sikudhani alikuwa mfagiaji wa maofisi. Alitoka alfajiri na akarudi watu wengine wanapoingia. Alikuja nchi hii na familia tajiri ya Kiomani, mtumishi wa ndani, akawatoroka Edgware Road na nguo alizovaa. Muhiddin alikutana naye kwenye harusi ya watu wa Unguja. Aliposikia kwamba ni mtoto wa Mzee Maganga, mpalizi wa zamani aliyekaa katika shamba la baba yake Muhiddin huko Dole, alifurahi kama aliyempata ndugu. Alimwambia, basi sisi ni watu wa nyumba moja. Sikudhani alitazama chini. Wakaoana.

Tena Muhiddin alikuwa na mzaha wake. Baada ya Mapinduzi shamba la baba yake lilikatwa vipande, na Mzee Maganga alikuwa mmoja wa waliopewa eka tatu, pamoja na mikarafuu iliyokuwa juu yake. Basi kila wageni wakija, wakiulizwa habari za ndoa, Muhiddin alisema: "Mahari ya huyu mimi nimeshatoa kabla sijamjua. Eka tatu za mikarafuu." Watu wakacheka. Sikudhani akaenda kuongeza chai. Miaka yote hiyo, wageni wale kwa hawa, na hakuna aliyewahi kutazama uso wake akiwa njiani kuelekea jikoni.

Jioni ile Muhiddin alieleza habari ya ukaguzi, alivyoulizwa na alivyojibu. Warda, binti yao, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alisikiliza kwa nyuma ya mlango wake na akajibu kwa Kiingereza kwamba baba ameharibu, alipaswa kusema ameikuta. Baba akamwambia aseme Kiswahili. Akausukuma mlango ukafungwa.

"Na wewe Mama Warda, huna neno?"

Sikudhani alikuwa akikata matufaha yaliyochubuka, anatoa sehemu mbovu.

"Watasema uing'oe," alisema.

"Hawawezi. Mti umeshaota, umeshazaa. Wewe mtoto wa shamba, unajua."

"Najua," alisema Sikudhani.

Muhiddin akaenda dirishani. Kutoka pale, mchana wa wazi, mtu aliweza kuona reli, na kama anajua pa kutazama aliweza kuona ukuta, na juu ya ukuta kitu cha kijani. Alisimama mpaka giza likaingia, anakitazama, na mkewe nyuma yake anakata matufaha, na binti mlango umefungwa. Watu watatu katika vyumba viwili, na kila mtu kwake.

*

Kamati ilikaa ndani ya kibanda cha zana, kwenye viti vya kukunja, birika la umeme juu ya pipa. Bi Pushpa alikuwa amempitia Sikudhani kwa nguvu: mume wako anakwenda kusimama mbele ya watu, hasimami peke yake. Sikudhani alikaa karibu na mlango bila kuvua koti. Kamande alikuja pia, amenyoa. Kiti cha Muhiddin hakikuwapo. Walisahau kukiweka, wakaomba radhi sana, na alipokuwa anangoja kiletwe mazungumzo yakaanza, basi akabaki amesimama.

Mwenyekiti, Bwana Pettit, fundi bomba mstaafu, alikuwa mtu mwenye tabasamu. Watu hawa hawakuwa wabaya, na hapo ndipo roho inapochafuka. Mtu mbaya unaweza kumtukana ukaenda kulala. Hawa walimpa chai. Walimsifu kwa mchicha wake uliopata cheti. Walisema hakuna ploti iliyofanyiwa kazi kama ile. Halafu wakasema mizizi itapasua ukuta wa reli, na kwamba akiruhusiwa mmoja kesho kila mtu ataleta mti, na kwamba yeye mwenyewe amekiri kupanda.

Kamande alisema kwa Kiingereza kwamba mzee huyu alitoa matofali ya nyumba nzima kwa mikono, na kwamba bila yeye pembe ile ingekuwa bado inazaa panya. Walitikisa vichwa kukubali. Bi Pushpa alisema miti ikatwe matawi iwe mifupi. Waliandika. Kisha wakamwuliza Muhiddin kama ana la kusema.

Alikuwa ameliandaa. Usiku mzima alikuwa amelipanga kwa Kiingereza, na lilimtoka vizuri. Aliwaambia kwamba kwao ardhi na mti ni vitu viwili. Aliwaambia kwamba mwenye ardhi hawezi kuugusa mti wa mtu mwingine bila ya kuelewana naye, hata akiwa sultani. Hadai ardhi ya halmashauri, haitaki. Anadai miti tu, kwa sababu aliyepanda ndiye mwenyewe, na hii ni haki ya zamani kuliko kibanda hiki.

Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba ni jambo la kuvutia sana. Bwana Pettit naye alivutiwa kweli. Aliinama mbele na kikombe chake.

"Lakini hebu niambie. Wenye mashamba kwenu walifanya nini? Maana kila mpita njia angepanda mti, shamba lingekwisha."

Muhiddin angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Hawakuwaruhusu kupanda," alisema. "Wapalizi walilima muhogo na mbaazi chini ya mikarafuu. Mazao ya msimu. Mti, hapana."

"Na aliyepanda?"

"Aliambiwa ang'oe."

Kicheko kilichotoka hakikuwa cha dharau. Kilikuwa cha watu waliopata nafuu. Bwana Pettit alisema: "Watu wenye akili. Walikuwa na kamati nzuri." Hata Muhiddin alitabasamu kidogo, kwa mazoea, kabla hajasikia vizuri alichokisema mwenyewe. Kamande alitazama sakafu. Kule mlangoni Sikudhani alifunga kifungo cha juu cha koti lake, akatoka nje.

Wakaamua kwa mikono. Miti ing'olewe na mizizi yake kabla ya mwisho wa Oktoba, na mwenye ploti mwenyewe ndiye aifanye kazi hiyo, kwa gharama yake. Akikubali, ploti inabaki yake. Akikataa, inakwenda kwa wanaofuata kwenye orodha, mke na mume vijana, walioulizia khasa ile ya pembeni.

*

Njiani Muhiddin alizungumza peke yake. Hang'oi. Wachukue, wawape hao vijana, lakini wakate wao, asiwe yeye. Alilisema hilo kwenye kituo cha basi, na ndani ya basi, na kwenye lifti. Walipofika ndani alilisema tena, na akaongeza kwamba jambo la namna hii hajapata kuliona, kumlazimisha mtu ang'oe mti wake kwa mkono wake mwenyewe. Ni ukatili gani huo. Afadhali msumeno wa mtu mwingine.

Sikudhani alikuwa ameketi na koti lake.

"Umeliona," alisema.

"Nimeliona wapi?"

"Kwa baba yangu."

Alizungumza kama anayesimulia habari ya mtu mwingine, bila kupandisha wala kushusha sauti. Alisema baba yake alipanda mfenesi nyuma ya kibanda chao, mmoja tu, mahali ambapo mikarafuu ilikufa. Yeye Sikudhani, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyekuwa akiumwagilia kwa kata. Ulipofika kiunoni mwake, nyapara akauona. Bwana Shamba, baba yake Muhiddin, hakuja kugomba. Alikuwa mtu wa sala zake, hajapata kumpiga mpalizi, na siku za sikukuu aliwagawia mchele. Alituma ujumbe wa heshima kwamba Maganga ang'oe mti, ang'oe mwenyewe ili pasiwe na maneno, na akamtuma mwanawe asimamie mpaka uishe.

"Mwanawe yupi?" Muhiddin aliuliza, naye mwenyewe alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa baba yake.

Sikudhani aliinua macho akamtazama.

Alisema hana la kulidhani, aliliona kwa macho. Alisimama mlangoni kwao. Kijana alikuja na baiskeli mpya, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kinu cha mama yake Sikudhani, akakaa mpaka kazi ikaisha. Hakutukana mtu. Alipoondoka alisema kwaheri Maganga, bila ya mzee, bila ya mjomba, na baba akamjibu kwaheri bwana mdogo.

"Sikumbuki," alisema Muhiddin.

"Najua hukumbuki."

"Wallahi, Siku, sikumbuki. Ningekumbuka."

"Kwa nini ukumbuke? Ilikuwa asubuhi moja tu."

Alimwuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, kitanda kimoja, sahani moja. Sikudhani alifikiri. Alisema mwanzoni alingoja aulizwe. Kisha akaona hataulizwa. Halafu yakaja maneno ya mahari, wageni wakacheka, na yeye akawa na chai ya kumimina.

Muhiddin alikaa chini. Alikuwa na hoja. Watu wa aina yake hawakosi hoja. Angeweza kusema baba yake alinyang'anywa kila kitu na akafa Dar es Salaam kwenye chumba cha kupanga, na kwamba Maganga aliishia na eka tatu. Yote hayo ni kweli, na yameandikwa vitabuni na watu wa kila upande wenye sauti kubwa. Lakini mfenesi ulikuwa wa urefu wa kiuno cha mtoto, na mbele yake alikuwa ameketi yule mtoto, amevaa koti la kufagilia, na hoja hazikupata pa kukaa.

Siku zilizofuata walizungumza ya chumvi na mkate. Aliamka kwa saa yake, akavaa, lakini hakwenda shamba. Alikaa dirishani. Warda aliporudi kutoka shule alimkuta pale pale, na siku moja akamwambia, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Baba, kula." Akamwekea sahani, akasimama kidogo, kisha akaenda chumbani kwake.

*

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Muhiddin alichukua sururu na sepetu akatoka bila kusema. Sikudhani alivaa viatu akamfuata. Hawakutembea pamoja, yeye alikuwa nyuma, kama watu wawili wanaokwenda mahali pamoja kwa bahati.

Bwana Pettit alikuwa ameshafika kusimamia, kama kanuni zilivyotaka, na amesema asubuhi njema kwa furaha ya kweli, maana aliogopa ugomvi na ugomvi haukuja. Kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Akakaa juu yake. Bi Pushpa aliona kwa mbali, akaingia kwenye kibanda chake akafunga mlango. Kamande alikuwa kazini, au alisema yuko kazini.

Miti miwili midogo ilitoka kabla ya adhuhuri. Mkubwa ulikataa. Muhiddin alichimba kuuzunguka mpaka akawa ndani ya shimo hadi magotini, na chini alikutana tena na matofali yale yale, yaliyokuwa yamekumbatiwa na mizizi, kila tofali na mzizi wake. Aliyatoa moja moja akayaweka ukingoni. Alikuwa hajazoea kuchimba kwa siku hizo za dirishani, na pumzi ilimwisha upesi. Sikudhani alisimama penye mlango wa waya, mikono ndani ya mikono ya koti. Hakusaidia. Hakuondoka.

Bwana Pettit alichoka kukaa bure. Kulikuwa na matufaha yamezagaa chini kila mahali, ya kupotea, basi akaokota moja, akalifuta kwenye fulana yake, akalila. Akasema ni tamu ajabu, kwamba ni hasara kweli. Alilila polepole, akitazama kazi, akawaza chakula cha mchana. Alipolimaliza alitupa kiini na mbegu zake pale palipokuwa karibu, ndani ya shimo. Hakukusudia kitu. Shimo lilikuwa pale.

Muhiddin aliacha kuchimba.

Alikitazama kiini kile kwenye udongo karibu na kiatu chake, cheupe, na alama za meno. Kisha akamwinulia macho mkewe. Alisema kwa Kiswahili, na mwenyekiti wa kamati akadhani anaomba maji.

"Mimi siku ile nilikuwa nakula nini?"

Treni ilipita nyuma ya ukuta, ikaisha.

"Muwa," alisema Sikudhani. "Ulikuwa unatafuna muwa. Makapi ulikuwa unayatema shimoni."

"Na baba yako?"

"Alikuwa akiyaokota. Akayatia mfukoni, mimi nisiyaone."

Muhiddin alisimama vile vile, ameshika mpini wa sururu kwa mikono miwili. Bwana Pettit aliuliza kama kila kitu ni sawa.

Kisha Muhiddin akainama, na kuinama kulimpa taabu, akakiokota kile kiini cha tufaha kwenye udongo, akakipangusa, akakitia kwenye mfuko wa koti lake. Akaishika sururu akaendelea kuchimba.